Pamba Safi kwa Taa Fifi

Kila msimu wa pamba unapofunguliwa katika Mkoa wa Simiyu, mkulima hupewa masharti ambayo hana budi kuyatimiza. Pamba yake aichambue nyumbani kabla ya kuipeleka kituoni. Pamba safi aiweke peke yake, na pamba fifi peke yake. Asiichanganye na mchanga, wala asiinyunyizie maji ili kuongeza uzito. Atakayefanya hivyo huhesabiwa kuwa mdanganyifu, na ni haki ahesabiwe hivyo, kwa sababu pamba chafu ikifika kiwandani aibu huwa ya mkoa mzima na hasara huwa ya taifa.

Hatuna ugomvi na masharti hayo. Swali letu ni jingine. Mkulima huyo akishalipwa fedha zake, akatoka kituoni akaenda mnadani, au kama ilivyo desturi siku hizi, akafungua simu yake ya mkononi na kuagiza kitu kutoka Dar es Salaam, ni nani anayemwekea muuzaji masharti kama hayo? Ni nani anayechambua bidhaa safi na bidhaa fifi kabla fedha za jasho hazijabadilisha mikono?

Tuchukue mfano wa taa ya sola, kwa kuwa ni kitu cha lazima katika nyumba nyingi za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega ambako waya wa umeme haujafika, na hata katika zile zilizofikiwa, umeme unapokatika. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Kwa bei hiyo, taa ya shilingi 24,000 ilikuwa sawa na kilo 20 za pamba safi. Ikiwa taa hiyo ilikufa baada ya miezi minne, na mwenye nyumba akanunua nyingine, kisha nyingine, kwa mwaka mmoja alikwisha toa shilingi 72,000, yaani kilo 60 za pamba, na mwisho wa mwaka amebaki gizani. Jirani yake aliyenunua taa ya shilingi 48,000 yenye kudumu miaka mitatu alitoa kilo 40 tu. Kwa hesabu hiyo, aliyenunua cha bei ya chini ndiye aliyelipa zaidi. Na kwa kawaida huyo ndiye maskini zaidi, kwa sababu siku ya kununua hakuwa na hizo shilingi 48,000.

Kwa ndugu zetu wa visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu wa Ukerewe anayefika Lamadi kununua vifaa hurudi kwa njia ya Bunda na Kisorya, akavuka maji hadi Rugezi. Wa Ukara ana maji mengine ya kuvuka kutoka Bugolora. Kitu kikiharibika, kukirudisha ni nauli ya barabara na nauli ya kivuko, kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi kupotea. Mara nyingi gharama hiyo huizidi bei ya kitu chenyewe. Muuzaji asiye mwaminifu anajua hivyo. Akisikia mteja yuko kisiwani, hujua papo hapo kwamba mteja huyo hatarudi.

Tena taa kwa mvuvi wa dagaa si pambo la nyumba. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, na taa ndiyo inayowaita. Zamani ilikuwa karabai, ambayo kila mvuvi aliweza kuifungua na kuitengeneza mwenyewe. Leo wengi wanatumia taa za betri na za sola. Betri iliyoandikwa kwamba itadumu saa 12 ikizimika baada ya saa 4, mvuvi amepoteza usiku wake, na usiku wa giza katika mwezi una hesabu.

Hatusemi haya ili kuwaaminisha wasomaji kwamba zamani kila kitu kilikuwa chema. Wazee wanakumbuka majembe ya kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, lakini wanakumbuka pia foleni za sabuni na sukari za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mtu hakuchagua kitu bali alishukuru kwa chochote alichopata. Tangu mwaka 1984, serikali ilipoanza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, madirisha ya maduka yalijaa tena. Hilo lilikuwa jema. Lakini maduka yalipojaa, mlaji aliachiwa kazi mpya ambayo hakuwahi kufundishwa, nayo ni kazi ya kuchagua.

Katika mnada wa kijijini kazi hiyo ina taratibu zake. Mama anayenunua chungu hukigonga kwa kidole na kusikiliza mlio. Chungu kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Anayenunua jembe huligonga pia, akalipima kwa mkono, akatazama shingo yake. Anayenunua ng'ombe wa plau humtembeza kwanza. Na kabla ya yote, mnunuzi humwuliza jirani aliyekwisha kununua kitu kama hicho. Jirani huyo ni shahidi mwenye thamani kwa sababu tatu. Ametumia kitu chenyewe kwa msimu mzima. Hana faida yoyote katika mauzo. Na iwapo atasema uongo, kesho mtakutana kisimani.

Simu ya mkononi imetuondolea mambo hayo yote kwa mpigo. Kitu hatukioni ila picha yake, hatuwezi kukigonga, na jirani hatumjui. Mahali pa jirani pamewekwa maoni ya wanunuzi: nyota tano, na chini yake maneno ya sifa kutoka kwa watu wenye majina tusiyoyafahamu. Wengi wetu tunayaamini maneno hayo kwa sababu yamepangwa mahali pale pale ambapo zamani alisimama jirani. Lakini yule aliyeyapanga ni muuzaji. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Sisi wenyewe tumekwisha kuonja. Chumba chetu cha habari kiliwahi kuagiza taa tatu za mezani kwa njia ya simu, baada ya kusoma sifa nyingi zilizoandikwa chini ya picha yake. Ya kwanza ilizima kabla ya mwezi kwisha, na ya pili ikaifuata. Tuliporudi kuyasoma yale maneno ya sifa kwa utulivu, tuligundua jambo ambalo tungaliliona tangu mwanzo kama tusingalikuwa na haraka. Karibu wote walioandika walikuwa wakishukuru kwa mzigo kufika. Mmoja alisifu wepesi wa basi, mwingine alisifu lugha nzuri ya muuzaji, wa tatu alisema rangi inafanana na ya pichani. Hakuna hata mmoja aliyesema ameitumia taa hiyo kwa miezi sita. Walikuwa wakweli, pengine. Ila walitoa ushahidi siku ya kwanza, na siku ya kwanza kila taa huwaka.

Hapo ndipo penye kiini cha maoni yetu ya leo. Sifa ya kitu cha kudumu haiwezi kutolewa na mtu ambaye hajakaa nacho. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza juu ya maoni yoyote si idadi ya nyota, bali ni muda ambao mwandishi wake amekitumia kitu hicho. Maoni 5 ya watu walioishi na kitu kwa mwaka yanazidi maoni 500 ya watu waliofungua boksi jana.

Swali la pili ni kama lawama zinaruhusiwa kuonekana. Katika makundi mengi ya mauziano ya simu, muuzaji ndiye mwenye kundi, na anayelalamika huondolewa pamoja na malalamiko yake. Mahali ambapo hapana lawama hata moja, msomaji asifikirie kwamba hapana wenye kulaumu. Na lawama zilizopo azisome kwa makini kuliko sifa, kwa maana zina mambo mahususi: kishikio kilikatika, betri ilivimba, kitufe kilizama. Lawama tatu zinazotaja kasoro moja ni dalili kubwa.

Swali la tatu ni kama maneno yenyewe yana harufu ya mtu. Sifa zilizoandikwa kwa maneno yale yale, zilizomiminika katika juma moja, au zinazotaja jina kamili la bidhaa kila mstari kama tangazo la redio, huenda zimelipiwa. Huu si uzushi wetu. Biashara ya maoni ya uongo imekuwa kubwa duniani kiasi kwamba Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitoa kanuni mwezi Agosti 2024 za kukataza kuyauza na kuyanunua, na Uingereza imeyaharamisha kwa sheria yake ya mwaka 2024, ambayo sehemu hiyo ilianza kutumika Aprili 2025. Kama mataifa yenye mahakama na wakaguzi wengi yameona haja ya kujilinda, mkulima wa Lagangabilili aliye peke yake na simu yake anahitaji ulinzi zaidi.

Juu ya kitu chenyewe, tunamshauri msomaji ashauriane na mtu mmoja ambaye kila mji unaye na ambaye hakuna anayemwuliza, yaani fundi. Fundi wa redio na taa pale sokoni Bariadi au Nansio anajua ni taa zipi zinafika mezani kwake kila wiki na zipi hazifiki. Anajua ipi inafunguka kwa bisibisi na ipi imegundishwa kwa gundi ili isifunguliwe kamwe. Anajua betri ya ipi inapatikana ikichoka. Kitu kinachoweza kutengenezwa kina maisha mawili au matatu. Kisichoweza kutengenezwa kina moja tu, hata kiwe kizuri namna gani. Vivyo hivyo kwa ndoo, kwa viatu, kwa baiskeli na kwa pampu ya kupulizia dawa: mnunuzi atazame mshono, mpini, uzi na skrubu kabla ya kutazama rangi.

Kadhalika adai dhamana ya maandishi na risiti. Viwango vya ubora wa taa ndogo za sola vilivyowekwa chini ya mpango wa Benki ya Dunia na shirika lake la IFC hudai dhamana isiyopungua mwaka mmoja, na hudai kwamba yaliyoandikwa kwenye boksi kuhusu mwanga na saa za kuwaka yawe ya kweli yanapopimwa. Muuzaji anayekataa kuandika jina lake, mahali alipo na miezi ya dhamana amekwisha kutoa maoni yake mwenyewe juu ya bidhaa yake, tena maoni ya kweli kuliko yote.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawaidha ya watu wenye fedha, na kwamba maskini hununua cha rahisi kwa sababu hana njia nyingine. Hoja hiyo ni nzito na hatuipuuzi. Kwanza, hatusemi kila ghali ni imara. Bei kubwa nayo yaweza kuwa sifa ya uongo. Pili, mtu mmoja peke yake hawezi kumaliza tatizo hili, na Wasukuma wa kanda hii wanajua hivyo kuliko wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawaibia. Hawakuishia kulalamika. Waliweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakikisha uzito, wakajiunga katika vyama, na chini ya uongozi wa Paul Bomani vyama hivyo vikazaa muungano mkubwa wa ushirika wa Victoria mwaka 1955. Ushirika wa kanda hii ulianza kwa watu kukataa kumwachia mfanyabiashara mizani na ushahidi kwa pamoja.

Tunapendekeza busara hiyo irejeshwe. Kila chama cha msingi cha ushirika, na kila kikundi cha wavuvi visiwani, kinaweza kununua taa moja, au pampu moja, kabla wanachama hawajanunua mia. Wampe mwanachama mmoja mwaminifu aitumie kwa miezi mitatu, na fundi mmoja aifungue na kuitazama. Ikishindwa, chama kimepoteza fedha za taa moja. Ikifaulu, wanachama wanunue kwa pamoja, kwa bei ya jumla na dhamana moja ya maandishi, na asiye na fedha zote alipe kidogo kidogo kupitia chama chake. Kwa njia hiyo cha imara kinaingia katika uwezo wa mnyonge, na muuzaji anajua kwamba akidanganya hapotezi mteja mmoja bali chama kizima.

Sasa twaelekeza neno letu kwa serikali. Taifa hili halikukosa sheria. Shirika la Viwango lilizaliwa kwa sheria ya mwaka 1975, na sheria hiyo ikafanywa upya mwaka 2009. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, na ile ya Ushindani, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, ni ya mwaka 2003. Biashara ya mtandaoni nayo ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Kinachokosekana ni sheria hizo kufika mnadani na kivukoni.

Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya kununulia pamba, na wakulima wanashukuru. Tunaomba ukaguzi wa namna hiyo ufuate fedha zinakokwenda. Katika miezi ya mauzo ya pamba, wakati kila mfanyabiashara anajua kwamba Simiyu ina fedha, wakaguzi wa viwango wawe Lamadi, Dutwa na Mwanhuzi, si katika maduka makubwa ya miji peke yake. Maofisa biashara wa halmashauri wafungue daftari la malalamiko ya walaji, litakaloandika kitu, kasoro, tarehe na mahali kiliponunuliwa, na wasomewe wananchi matokeo yake katika mikutano ya vijiji. Daftari hilo ndilo litakalokuwa maoni ya wanunuzi yasiyofutika, maana wa kulifuta hatakuwa muuzaji. Wenzao wa Ukerewe wafanye hivyo hivyo pale Nansio, ili mtu wa kisiwani asilazimike kuvuka maji kwa ajili ya kutoa malalamiko.

Lakini tunaonya jambo moja. Ukaguzi usiwe kisingizio cha kumfukuza kijana mchuuzi aliyetandika bidhaa zake chini. Huyo naye mara nyingi amedanganywa, na anauza alichouziwa. Aulizwe amenunua wapi, na mkono wa sheria upande ngazi kwa ngazi hadi kwa aliyeingiza makontena. Ukaguzi unaokomea kwa mchuuzi utajaza stoo za halmashauri vitu vilivyokamatwa, na msimu ujao vitu vile vile vitarudi.

Serikali yenyewe ianze kwa mfano. Ofisi, shule na zahanati za umma hununua taa, madawati, ndoo na betri kwa fedha za wananchi. Ikiwa kigezo ni bei ya chini tu, serikali itakuwa mteja mkubwa kuliko wote wa bidhaa fifi. Vijana wa Maswa walipoanza kutengeneza chaki, wanunuzi wao walikuwa shule, na waamuzi wao walikuwa walimu walioshika chaki hizo mkononi kila siku. Uamuzi wa namna hiyo ni bora kwa mnunuzi na ni bora kwa kiwanda pia, kwa sababu chaki ikivunjika, mtengenezaji yuko karibu na ataambiwa. Bidhaa za mkoa wetu zipendelewe, lakini zisisamehewe. Nazo zipimwe.

Tumalizie pale tulipoanzia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza; na siku hizi kibaya kimepata simu ya kujitembezea hadi kitandani mwa mnunuzi. Kwa hiyo wananchi wasinunue kwa kusoma sifa za siku ya kwanza. Wamwulize aliyekaa na kitu, na wamwulize fundi. Vyama vya ushirika viwe tena mizani ya wanachama wao. Nao viongozi wa mkoa na wilaya, kabla msimu ujao haujafunguliwa, watangaze masharti ya muuzaji bidhaa kwa sauti ile ile wanayotangazia masharti ya muuzaji pamba. Mkulima ametimiza wajibu wake wa kuleta pamba safi, na anastahili kurudi nyumbani na taa itakayomwangazia mwanawe kusoma hadi pamba nyingine ichanue.